Je, polisi wanaona mazungumzo yangu ya video na mume wangu?

"Assalamu alaykum. Niko Wete, Pemba, na mume wangu yuko kazini Dubai, huu mwaka wa nne. Kila usiku baada ya Isha tunaonana kwa video. Huko aliko WhatsApp haipigi simu, kwa hivyo tunatumia Zoom ya bure. Dakika 40 zikiisha inakatika, tunaingia tena. Akitoka nje ya nchi ile tunarudi WhatsApp. Tunazungumza mambo yetu ya ndani, pesa anazotuma, na mashauri ya shamba la mikarafuu aliloacha marehemu baba mkwe. Shemegi yangu, ambaye ndiye aliyenisajilia laini kwa kidole chake, ameniambia nijichunge: ati polisi wanaona video zote na zinawekwa, wakiitaka hata ya mwaka jana wanaitoa. Tangu hapo nazungumza kwa kujibana mpaka mume wangu ananiuliza nina nini. Halafu lipo jambo la pili. Jirani yangu alirekodiwa kwenye simu ya video bila kujua, na aliyemrekodi sasa anamtaka pesa. Alipotaka kwenda kushitaki, watu wakamwambia asijisumbue, simu hizo zimefungwa, polisi hawawezi kuona kitu. Sasa kipi ni kweli? Wanaona kila kitu au hawaoni chochote?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Umezileta khofu mbili zinazopingana katika barua moja, na hilo limenifurahisha, maana kwa kawaida watu huniletea moja tu na kuishikilia. Shemegi yako amekosea. Waliomshauri jirani yako nao wamekosea, na kosa lao ndilo kubwa zaidi kwa sababu linamwacha mtu na dhiki yake. Wote wanaichukulia simu ya video kama sanduku moja, ama liko wazi ama limefungwa. Ukweli ni kwamba yapo mazungumzo yenyewe yanapokuwa njiani, ipo alama inayobaki kwamba fulani alizungumza na fulani, na zipo simu mbili zilizoshikwa mikononi. Kufuli lipo pale pa mwanzo tu.

Hebu tulitazame hilo kufuli. Unapompigia mumeo kwa WhatsApp, simu yako na yake hupatana ufunguo kati yao, na ufunguo huo hautoki nje ya simu hizo mbili. Sauti na sura yako hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande hufungwa kabla hakijaondoka mkononi mwako, ndipo kinapopanda mnara, kinapita waya za chini ya bahari na seva za kampuni, na kufunguliwa kwenye simu yake tu. WhatsApp walikamilisha mfumo huu kwa watumiaji wao wote Aprili 2016, na simu za video zilipokuja Novemba mwaka huohuo zilikuja nalo kufuli. Wataalamu huuita usimbaji fiche. WhatsApp yenyewe kwa Kiswahili chake huandika kwamba simu "zimefumbwa" mwisho hadi mwisho, na mimi neno hilo nalipenda zaidi. Ni fumbo kwelikweli: anayelisikia njiani hasikii neno. Kampuni ya simu inaona bando linakwenda, basi. Hata WhatsApp wenyewe wakiletewa amri ya mahakama hawana ufunguo wa kumpa askari.

Na hiyo "ya mwaka jana wanaitoa" haipo. Simu ya video haiwekwi popote isipokuwa mmoja wa waliomo airekodi. Ikikatwa, imekwisha. Nakala za akiba, zile bakapu, hubeba ujumbe, picha na sauti mlizotumiana. Mazungumzo ya simu hayamo.

Lakini nakuomba usifanye wanalofanya wengi wakishatishwa namna hii. Huacha WhatsApp wakarudi kwenye simu ya kawaida ya kubonyeza nambari, wakiamini ndiyo ya siri. Ni kinyume chake. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi wa maandishi hufungwa kati ya simu yako na mnara tu. Ndani ya mitambo ya kampuni viko wazi, na huko ndiko amri ya kusikiliza inakotekelezwa.

Tuje kwenye sheria, maana shemegi yako amezungumza kana kwamba haipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano inalinda maisha ya mtu binafsi, familia yake na mawasiliano yake, na imefika hadi kuutaja unyumba wake kwa neno hilohilo. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo ina ulinzi kama huo katika kifungu cha 15. Ulinzi huo una mipaka inayowekwa na sheria, na sheria inayokuhusu hapa ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika Bara na Visiwani. Humo, kupata maudhui ya mawasiliano ya mtu kunahitaji amri ya kisheria. Kupekua na kuchukua kifaa ni rahisi zaidi: mkuu wa kituo cha polisi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba simu inaweza kuwa ushahidi wa kosa, anaweza kutoa amri ichukuliwe. Umeona tofauti? Njia ya kusikiliza ni ndefu na mwisho wake inagonga kufuli. Njia ya kuishika simu yenyewe ni fupi. Ndiyo maana mpelelezi mwenye akili hahangaiki na hewani.

Sasa hiyo alama inayobaki. Wewe unazijua nyumba zetu zenye baraza. Mzee aliyekaa barazani mkabala na mlango wako hasikii mnachozungumza ndani, lakini anajua nani kaingia, saa ngapi, katoka lini, na kwamba fulani siku hizi anakuja kila jioni. Kampuni za mawasiliano ni mzee huyo. Waraka wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, wa Januari 2021, uliofichuka baadaye mwaka huo, ulieleza kinachopatikana kwa kila programu. Kwa WhatsApp, hati ya upekuzi ya Marekani huweza kuleta orodha ya watu ulionao kwenye simu, na ipo amri nyingine inayoleta kila dakika 15 taarifa za nani anamwandikia nani, bila maneno yaliyoandikwa. Signal, programu nyingine ya mawasiliano, wao walipoletewa amri kama hiyo mwaka 2016 walikuwa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa. Kufuli lao na la WhatsApp ni la aina moja. Kilichotofautiana ni kiasi cha kumbukumbu kinachowekwa barazani.

Kwa mke anayezungumza na mumewe hili si la kukunyima usingizi. Kwamba unaonana na mume wako kila baada ya Isha ni jambo linalojulikana mtaa mzima, nadhani.

Zoom ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na wewe ndiyo unayoitumia kila siku. Mwaka 2020, watu walipojifungia kwa sababu ya korona na Zoom ikawa skuli, ofisi na hata ukumbi wa khitma, kampuni ile ilikuwa ikitangaza kwamba mikutano yake imefumbwa mwisho hadi mwisho. Haikuwa kweli. Mikutano ilifungwa kati ya mtumiaji na seva za kampuni, na funguo zilikaa kwa kampuni. Tume ya Biashara ya Marekani iliwashitaki kwa udanganyifu huo na shauri likamalizwa kwa makubaliano Novemba 2020. Katikati ya mzozo huo, mwanzoni mwa Juni, mkuu wa Zoom, Eric Yuan, alisema kufuli la kweli litatolewa kwa wanaolipia tu, na wa bure hawatapewa kwa sababu kampuni inataka kushirikiana na FBI na polisi. Watu wakaja juu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mhalifu mwenye fedha atalipia, na mama wa Wete asiye na kadi ya benki ndiye atakayebaki wazi. Haikupita wiki tatu wakageuza uamuzi, na Oktoba 2020 wote wakapewa kufuli, wa bure nao, kwa sharti la kuthibitisha nambari ya simu.

Ila halijiwashi lenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoachwa. Mpaka leo mkutano wa kawaida wa Zoom unatumia funguo za kampuni. Kampuni imesema haijawahi kujenga chombo cha kuingilia mikutano kwa siri kwa ajili ya polisi, nami sina sababu ya kuwaita waongo katika hilo. Lakini "hatufanyi" ni ahadi, na ahadi huweza kubadilika kwa amri ya mahakama au kwa menejimenti mpya. Mnachotaka nyinyi ni "hatuwezi".

Mmoja wenu, yule anayeanzisha mkutano, aingie kwenye akaunti yake ya Zoom kwa kivinjari, kile cha kufungulia tovuti, atafute kwenye mipangilio ya usalama sehemu ya ufumbaji wa mwisho hadi mwisho, aiwashe na kuthibitisha nambari yake kwa ujumbe atakaotumiwa. Kisha nyote muingie kwa programu ya Zoom yenyewe, si kwa kivinjari. Mkishaonana, tazameni juu ya skrini: ngao ya kijani yenye kufuli katikati ndiyo mnayoitaka, yenye alama ya vema ni ule mfumo wa kawaida. Ukiigusa ngao hiyo hutokea tarakimu. Mumeo azisome kwa sauti, wewe uangalie kama ni zilezile ulizonazo. Zikilingana, hakuna aliyejipenyeza kati. Mtapoteza baadhi ya vitu, kama kurekodi kwenye hifadhi ya kampuni na kuingia kwa simu ya kawaida. Sidhani kama mtavililia.

Na kwa upande wa Dubai, mwambie bwana jambo moja. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp na kuruhusu programu kadhaa, Zoom ikiwa miongoni mwao. Asivutwe na kila programu ya bure anayoletewa na wenzake kambini. Mwaka 2019 ilizuka moja inaitwa ToTok, ikapiga vizuri pale ambapo nyingine zimezuiwa, mamilioni wakaipakua kwa furaha. Desemba mwaka huo gazeti la New York Times likaandika kwamba maofisa wa Marekani wanaitambua kuwa chombo cha ujasusi cha serikali ya huko. Wenye programu walikanusha; Apple na Google waliiondoa kwenye maduka yao. Ukiacha Zoom yenye ngao ya kufuli, programu yoyote yenye leseni ya serikali ya huko aihesabu kama simu ya kawaida: salamu na khabari za watoto, sawa. Asijaribu pia kuvunja kizuizi kwa VPN, zile programu za kuficha uliko mtandaoni, kwa kusikia tu kwamba kila mtu anafanya. Sheria yao ya makosa ya mtandao inaweka faini inayoanzia dirham 500,000 kwa anayeficha anwani yake ya mtandao kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe, na hakuna simu ya video yenye thamani hiyo. Hapa kwetu nako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili.

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata, katika shauri lako, ni simu unayoishika. Nimekaa na watu wengi waliokuja wakisema "serikali inanisikiliza", na karibu wote nilipowafungulia simu zao tulimkuta mhusika nyumbani: kompyuta ya ndugu iliyounganishwa na WhatsApp yao tangu siku walipoomba kuchapishiwa kitu, mtoto anayeijua nambari ya siri, fundi aliyepewa simu pamoja na namna ya kuifungua akakaa nayo siku mbili. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na usichokitambua kitoe. Weka na uthibitishaji wa hatua mbili, ile nambari ya siri ya tarakimu sita, na ujumbe wa masasisho usiupuuze. Mwaka 2019 kampuni ya Israel ya NSO Group iliingiza programu ya kijasusi kwenye simu zipatazo 1,400 kwa kupiga tu simu ya WhatsApp, hata isipopokelewa. Waliolengwa walikuwa watu kama wanaharakati na waandishi, na tundu lenyewe lilizibwa kwa sasisho.

Hapo naifikia laini yako, na nataka unielewe vizuri. Simtuhumu shemegi yako. Pengine alikusaidia kwa moyo safi wakati kitambulisho chako hakijatoka, na wengi Pemba walisajiliana hivyo. Ila mbele ya kampuni ya simu, mwenye laini hiyo ni yeye. Yeye ndiye anayeweza kwenda kuomba laini mbadala, na laini mbadala ndiyo inayopokea namba ya kufungulia WhatsApp yako na pesa anazotuma mumeo. Na nyinyi mna shauri la shamba la urithi ndani ya familia hiyohiyo. Piga *106# uone hali ya usajili, kisha nenda na kitambulisho chako cha taifa duka la kampuni, pamoja na yeye, mkabadilishe umiliki. Mwambie tu kwamba sheria inataka kila mtu awe na laini kwa jina lake, na ni kweli. Ukiniuliza katika yote uliyoandika lipi linanitisha, ni hili, wala halihusiani na polisi.

Huenda ukauliza: basi si bora polisi wapewe ufunguo wao mmoja wa kukamatia wahalifu? Swali hili lina uzito, nami sipendi wanaolijibu kwa kejeli. Wapo watoto wanaoumizwa, na wapo wapelelezi waaminifu wanaokwama. Lakini mlango wa uani ukishatobolewa hautazami anayepita. Mitambo ya kampuni za simu za Marekani ina njia maalumu za kusikiliza kwa amri ya mahakama, kwa mujibu wa sheria yao ya 1994. Mwaka 2024 iligundulika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China, kundi lililopewa jina la Salt Typhoon, walikuwa wamejipenyeza katika kampuni hizo na kuzifikia njia hizohizo. Desemba ile idara ya usalama wa mitandao ya Marekani ikawashauri wakubwa wa nchi watumie programu zilizofumbwa mwisho hadi mwisho. Baada ya hapo mimi nimeacha kubabaika: kufuli libaki, na polisi wapite milango mingine waliyonayo, ambayo kama ulivyoona si michache.

Milango hiyo ndiyo itakayomsaidia jirani yako. Mwambie leo, usisubiri kesho. Yeye mwenyewe ni mmoja wa wenye ufunguo: vitisho alivyoandikiwa viko wazi kwenye simu yake, na anaweza kumkabidhi askari kwa hiari bila kuvunja kufuli lolote. Asifute kitu, hata yale anayoyaonea haya. Apige picha za skrini zinazoonyesha nambari ya huyo mtu, tarehe na saa, na jumbe zote za kudai pesa ziwemo. Akishaweka ushahidi ndipo amzuie. Asilipe, anayelipa mara moja hudaiwa tena. Kama ameshalipa, risiti ya pesa kwa simu ni dhahabu, kwa sababu pesa ile iliingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu. Polisi wanaweza kuitaka kampuni ya hapa iseme ni nani, na wanaweza kuitaka Meta, mwenye WhatsApp, ihifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 wakati taratibu za kisheria zinaendelea. Mtu huyo akiwa nje ya nchi, kazi itakuwa ndefu, na sitamdanganya kwamba hupatikana kila mara.

Kama khofu yake ni video kusambaa, upo mtandao wa StopNCII kwa waliofika miaka 18. Huitengenezea picha au video alama ya kipekee kwenye simu yake mwenyewe, na alama hiyo tu ndiyo hupelekwa kwa mitandao inayoshiriki, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili wanapoiona waizuie. Video yenyewe haitoki mikononi mwake.

Asiende kituoni peke yake. Aombe Dawati la Jinsia na Watoto, azungumze na askari wa kike kama hivyo ndivyo atakavyopata nafasi ya kusema yote. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na kabla ya kukabidhi simu ni vizuri apate mwanasheria wa kumweleza inachukuliwa kwa amri gani, aandikiwe nini, na ataipataje tena. Ushauri huohuo ni wako pia siku yoyote askari akiitaka simu yako: usikimbilie kufuta, kwa sababu kufuta kwa nia ya kuzuia uchunguzi ni kosa lenyewe, omba kuona amri, na mpigie mwanasheria. Na akitokea kijana wa mtaani akamwambia jirani yako kwamba kwa laki mbili anaweza kuingia kwenye simu ya yule mtu akaifuta video, asimpe hata shilingi, wala asimpe simu aishike.